Kinu Kilichogeuzwa Mdomo Chini

Mapazia ndiyo yaliyonipeleka. Mimi ni fundi cherehani, nina duka dogo Dar es Salaam, nashona sare za shule, na mwezi wa pili binti mmoja aliyenyoa kichwa kipara alikuja kuniagiza mapazia meusi, mazito, ya kuziba madirisha ya ghala la zamani karibu na reli. Nilimuuliza nani amekufa. Akacheka, akasema hajafa mtu, ni ya maonyesho ya sanaa, na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi kutakuwa na maonyesho mapya. Yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa wasanii. Nikamwambia mapazia nitashona, ila habari za sanaa aniondolee, sketi za kupiga marinda zimenijaa mezani.

Siku ya kutundika nilikwenda mwenyewe, kwa sababu simwamini mtu na kitambaa changu juu ya ngazi. Nilipomaliza nikageuka, nikakutana na milima ya kwetu. Ilikuwa ukutani, picha kubwa za rangi, ukungu umekalia misitu, mashamba ya kabichi yameshikilia miteremko. Chini ya picha moja palibandikwa karatasi iliyosema hayo ni machweo ya Lushoto. Nilisimama pale na pini bado mdomoni. Barabara ile naijua, ni ya kwenda Kwai, na upande ule jua halijazama tangu dunia iumbwe.

"Nani kaandika uongo huu?" nikauliza.

"Ni mimi, mama," yule binti akasema. "Kwani unapajua?"

"Kupajua? Mimi ni Mshambaa wa Gare, mwanangu. Hilo jua linachomoza."

Aliing'oa ile karatasi palepale, bila kununa, na hapo nikaanza kumpenda. Akaniuliza kama kwetu bado kuna nyumba zenye vitu vya zamani, vitu vya kazi, vilivyoshikwa na mikono mpaka vikalainika. Angependa kuvipiga picha. Sijui nini kilinifungua mdomo. Nikamweleza njia ya kwa mama yangu: ukishuka kanisani ushike kijia cha kushoto, uvuke kijito, nyumba ya bati jekundu yenye migomba nyuma. Nikamfundisha kuamkia. Sema "Onga mshi", nikamwambia, piga goti kidogo, useme umetumwa na mwanawe wa mjini. Ukimwamkia Kishambaa atakupa hata bati la nyumba.

Jambo moja sikumwambia. Mimi mwenyewe nilikuwa sijapanda nyumbani tangu matanga ya baba, mwaka uliotangulia. Siku tulipomaliza matanga nilimtaka mama afunge nyumba, ashuke na mimi Dar. Mimi ndiye mtoto pekee aliyebaki, na yeye anabaki peke yake kwenye mteremko ule wenye utelezi. Akakataa. Akanyoosha kidole kwenye migomba, kaburi lilipokuwa, akauliza nani atabaki na baba yako. Nilibembeleza siku tatu. Siku ya nne nikapandwa na hasira, na hasira zangu mimi hazijui mkubwa wala mdogo. Nikamwambia, "Basi kaa. Mimi sipandi tena hapa mpaka uniite mwenyewe."

Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa. "Haya," akasema.

Tukabaki na simu. Kila Jumapili nilimpigia: shikamoo mama, marahaba, hujambo, sijambo, mvua, maharage, basi. Yeye haniiti, mimi sipandi. Tuna shingo ngumu sote wawili, na yangu nimeirithi kwake. Kila nilipopiga nilikuwa nangoja neno moja tu, njoo, na Mungu anajua angelitamka ningefunga duka siku hiyohiyo. Halikuja. Mwaka ukapita, nami nikazidi kujiambia kwamba mwenye makosa ni yeye.

Jumamosi ya mwisho wa Machi nilirudi ghalani, nikijidai nakwenda kukagua pindo za mapazia. Mle ndani palikuwa giza tupu, kazi yangu mwenyewe hiyo, na katikati taa moja ilimulika sakafuni. Chini ya taa palikuwa na kinu. Kilikuwa kimegeuzwa, mdomo chini, na mchi umelazwa ubavuni. Nilikitambua kabla sijakifikia. Kina ufa upande mmoja, na ule ufa baba aliukaza kwa waya mwaka nilipoingia darasa la kwanza.

"Nilitaka kukipiga picha tu," binti akaniambia. "Mama yako akasema chukua. Akasema kiwekwe hivi, mdomo chini, na mwanangu akija umwonyeshe."

Nilivimba kwa fahari. Watu wa mjini, wenye viatu vya ngozi, wanazunguka kinu cha mama yangu wakiinama kukitazama, mmoja anasema ni ukimya wa mwanamke, mwingine anasema ni tumbo. Nikawaacha waseme. Jumapili nikapiga simu, hata salamu sikuzimaliza.

"Mama, kinu nimekiona."

"Umekiona?"

"Nimekiona. Kimependeza mno. Watu wanakipiga picha."

"Kimekaaje?"

"Mdomo chini."

"Haya. Na wewe umeonaje?"

"Nimeona fahari, mama. Sasa unatwangia nini?"

"Sitwangi."

"Vizuri," nikasema, "upumzike."

Akauliza kama ni kweli watu hao wanakwenda pale kutazama vitu tu, vitu visivyosema. Nikamweleza kwa kujidai, kama niliyezaliwa ndani ya lile ghala, kwamba vinasema, mama, ukijua kuvisoma, msanii haweki kitu bila maana. Akauliza kama na mimi najua kuvisoma. Nikamwambia najua sana. Nakumbuka nilivyolisema hilo, na uso unaniwaka hadi leo.

Aprili likaja jembe. Lilitolewa kwenye mpini, chuma na mti vikafungwa pamoja kwa kamba ya mgomba, vikaning'inizwa kwenye boriti. Ukutani palikuwa na picha ya mama ameketi kwenye kizingiti cha mlango, miguu ameinyoosha, kanga imetandazwa juu yake. Pembeni palikuwa na picha yake nyingine, aliyopigwa Machi. Nikazitazama zote mbili. Palepale, kizingiti kilekile, miguu ileile imenyooshwa, ni kivuli cha paa tu kilichohama. Mama yangu sijapata kumwona ameketi mchana, ila msibani. Kitu kikanigusa mgongoni, baridi, nami nikalilaumu feni.

Siku hiyo ndiyo nilimsimulia binti habari ya shangazi. Alinikaribisha chai, akauliza kwa nini mama anatoa vitu kwa masharti, hiki kigeuze, hiki kifungue. Nikamwambia kwetu wazee jambo zito hawakulituma kwa mdomo. Mjumbe anaweza kusahau, anaweza kupunguza, kitu hakipungui. Shangazi yangu aliolewa Rangwi. Siku moja, nikiwa na miaka tisa, mama mmoja muuza mapea alipita nyumbani akaacha kikapu kitupu, kimegeuzwa kitako juu, akasema kimetoka kwa dada yenu, akaenda zake. Baba alikuwa anakunywa chai. Aliiacha ikifuka moshi, akavaa koti, akatoka. Siku ya pili alirudi na shangazi, jicho moja limevimba na halifunguki. Hakuna aliyemwambia baba neno. Kitu kikigeuzwa, nikamweleza binti, maana yake kazi yake imekwisha, na aliyetumiwa aje.

Nilimsimulia hayo yote kwa kinywa changu, kikombe mkononi, jembe la mama likining'inia nyuma ya kichwa changu. Binti aliandika kwenye daftari lake.

Masika ya mwaka huo yalikuwa mabaya. Redio ilisema udongo umeporomoka njiani, magari yamelala Soni. Simu za Jumapili zikafupika. Zamani mama akiulizwa hujambo alikuwa akisema sijambo. Sasa alisema "nipo". Nikamuuliza nipo ndiyo nini. Akasema nipo ni nipo. Dukani cherehani yangu ilivunja sindano tatu kwa wiki moja, nikamtukana aliyeniuzia kitambaa. Moyo ulikuwa unaniambia jambo, na mimi nilikuwa na kazi nyingi, sikuusikiliza.

Mei, mtungi. Mtungi wa maji, mweusi kwa umri, ule uliokaa nyuma ya mlango na kata juu yake tangu enzi za bibi. Mdomo chini. Na pembeni yake, kwa herufi kubwa zilizochapwa vizuri, binti alikuwa amebandika habari ya shangazi kama nilivyomsimulia, kikapu, chai, koti na yote. Nilisimama nikaisoma neno kwa neno, nikiona jinsi ilivyopendeza. Mwisho wake paliandikwa: kitu kikigeuzwa, aliyetumiwa aje. Mtungi wa mama yangu ulikuwa hatua moja kutoka kwenye kidole changu cha mguu. Nikamwambia binti kuna koma imekosekana.

"Wanasemaje huko?" mama aliniuliza Jumapili.

"Wanasema mtungi unaonyesha kiu."

"Haya. Na wewe?"

"Mimi nasema wewe ni msanii kumshinda huyo binti."

Akacheka, kicheko kifupi, kikageuka kikohozi. Nikamwambia avae sweta. Akasema amevaa. Nikangoja aseme njoo. Nadhani na yeye alikuwa anangoja.

Juni nilifika mapema kabla ya watu. Taa ilikuwa imeshawashwa. Sakafuni palikuwa na mafiga matatu, basi. Hayakugeuzwa, maana jiwe la jikoni halina mdomo wala kitako. Yamepangwa kama yanavyopangwa jikoni, nafasi katikati, hakuna kuni, hakuna majivu. Moja limemeguka upande, ndilo nililolikalia nikiwa mtoto nikachapwa.

Kwetu mafiga hayatoki ndani ya nyumba yenye mtu. Mwenye kuhama huyaacha. Mwenye jiko akifa huyaacha. Hujapata kuona mtu amebeba mafiga, kama ambavyo hujapata kuona mtu amebeba kizingiti. Yale aliyaweka bibi yangu, na moto wake ulihamia mikononi mwa mama bila kuzimika. Mama yangu yupo juu mlimani, mwezi wa sita, ukungu unaingia mpaka chini ya blanketi, na mafiga yake yapo Dar es Salaam chini ya taa.

Nikainua macho, ile habari ya shangazi bado ilikuwa ukutani. Kinu: hatwangi. Jembe: halimi. Mtungi: hateki maji. Vyote vikaniingia kwa mkupuo mmoja.

"Mama yangu anapikia wapi?" nikamuuliza binti. Nilikuwa nimemshika mkono, na nadhani nilimuumiza.

"Sijui, mama. Kila nikienda namkuta ameketi mlangoni, nilidhani ndivyo apendavyo. Safari hii alikuwa ndani, amelala. Akasema yabebe, na usichelewe kumwonyesha."

Nilipiga simu hapohapo. Haikupatikana. Asubuhi nikapanda basi la kwanza, na njia nzima nilikuwa nahesabu miezi kwa vidole, naanza upya, nahesabu tena, kana kwamba ningepata jibu jingine. Mombo jua lilikuwa linachoma. Kuanzia Soni ukungu ukatupokea, dereva akawasha taa mchana. Gare nilishuka kwa miguu kile kijia nilichomwelekeza binti kwa raha zangu, udongo unanitoka chini ya viatu vya mjini. Ilikuwa saa ya kupika. Kila paa bondeni lilikuwa linafuka moshi. Letu lilikuwa jekundu, safi, halina kitu juu yake.

Kwenye kijito nilikutana na mama jirani, bakuli la makande mkononi, limefunikwa kitambaa. Aliniona akasimama.

"Umefika," akasema. Hakuniamkia. Kwetu mtu akiacha kukuamkia ujue ana zito.

Akanieleza tukitembea. Mwezi wa pili mama aliteleza kwenye matuta akivuna maharage, akaanguka kwa nyonga. Alikataa kwenda hospitali, akasema ni maumivu ya kawaida. Kwanza akashindwa kusimama kwenye kinu. Kisha shamba. Kisha maji. Wiki mbili zilizopita akashindwa hata kuinamia moto, tangu hapo wao majirani wanampelekea chakula kwa zamu.

"Na hamkunipigia?"

"Tulitaka. Akatukataza, akasema ameshakuita. Kila tukiuliza, anasema ameshakuita, utakuja."

Chumbani palikuwa baridi kama nje. Alikuwa amelala kwenye kile kitanda cha kamba alichochongewa na baba, sweta mbili, kilemba kichwani, uso umebaki mdogo. Nilipiga magoti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umechelewa."

"Mama, kwa nini hukusema?"

"Ulisema nikuite mwenyewe." Alipumzika, akavuta pumzi iliyokuwa na sauti ya maji ndani yake. "Nimekuita mara nne. Kinu, hukuja. Jembe, hukuja. Mtungi, hukuja. Nami nilikuuliza, umeonaje, ukaniambia kimependeza."

Nililia kama mtoto, kichwa kwenye blanketi, na yeye akaniwekea mkono juu ya nywele, mkono wa baridi. Sikuwahi kujichukia kama saa ile.

"Ungesema tu kwenye simu, mama. Neno moja."

"Ningekuombaje, mwanangu? Mzazi nikuombe wewe? Nilidhani unajua kusoma." Kisha akasema, kama anayekumbuka jambo dogo, "Na yule binti atakuja mwezi ujao. Nimemwahidi kitanda. Nilihofia hata mafiga hutayaona."

Nilipanga matofali matatu pale mafiga yalipokuwa, nikawasha moto, kuni mbichi zikanitoa machozi mengine juu ya yale. Kesho yake majirani wanaume walimbeba kwa machela hadi barabarani, tukampeleka hospitali. Wakasema nyonga ilivunjika muda mrefu, na sasa baridi imeingia kwenye mapafu. Wakamtibu walivyoweza. Siku ya kumi akaomba arudishwe nyumbani, nami safari hii sikubishana naye. Aliishi siku saba zaidi, karibu na moto wangu wa matofali. Tulimzika kwenye migomba, kando ya baba.

Binti alikuja wiki iliyofuata, hana habari ya msiba. Akapiga goti, akasema "Onga mshi", kama nilivyomfundisha, na aliyekuwa ameketi kwenye kizingiti ni mimi. Nikamwambia. Akalia, akasema atarudisha vitu vyote, hata kesho. Sikumlaumu, njia nilimwonyesha mimi, na habari ya shangazi nilimpa mimi, naye angalau aliiandika. Nikamwambia achukue kitanda. Mama alimwahidi, na ahadi ya mama si yangu kuivunja. Tukakibeba pamoja kupandisha kile kijia, yeye mbele, mimi nyuma.

Jumamosi ya mwisho wa Julai nilikwenda ghalani mara ya mwisho, kuvichukua vyote nivirudishe nyumbani. Kitanda kilikuwa katikati, chini ya taa, kamba zimebonyea pale alipolala. Sikuwa na haraka. Mwanamke mmoja mwenye miwani alikuja akasimama karibu nami, akakitazama kwa muda mrefu, kichwa upande.

"Hiki nacho kina maana gani, unafikiri?" akaniuliza.

"Hakina maana," nikamwambia. "Ni kitanda cha mama yangu."

Akasema pole, akaendelea na picha za ukutani.